Hesabu ya Dereva Mlevi

Juma hili twataka kufanya hesabu. Si hesabu ya darasani yenye mapipa ya maji na magari yapishanayo njiani, bali hesabu ya kijana aliyekunywa, akapanda pikipiki, akaumiza mtu, akahukumiwa. Juu ya ulevi wenyewe mmesikia maneno mengi, wala hatuna nia ya kuyarudia. Kila mtu wa Masisi na wa Walikale ajua kwamba kasiksi hulewesha, na kwamba kanyanga hulewesha upesi zaidi. Lisilojulikana sana ni mambo ya kesho yake: nani amshika nani, nani alipa nini, na kwa muda gani. Wengi hudhani kwamba shauri humalizika polisi akipewa kitu kidogo na mgonjwa akipelekewa mbuzi. Halimaliziki hapo, na mara nyingi ndipo laanza.

Atokaye Sake kupanda Masisi aijua njia ile. Upande mmoja ni mlima wenye malisho ya ng'ombe, upande wa pili ni bonde, na asubuhi ukungu hufunika vyote viwili. Vijana wa chukudu huteremka na viazi na makaa, wamesimama juu ya mbao zao, breki yao ni kipande cha mpira wa gurudumu. Ukivuka Masisi ukafika Nyabiondo, ukateremka kuelekea Walikale, malisho yanakwisha, msitu unaanza, na barabara yageuka tope. Ubovu wa njia huko umejulikana kiasi cha kwamba kwa miaka mingi ndege za kutoka Goma zilikuwa zikitua Kilambo, juu ya kipande cha barabara chenye lami. Katika njia za namna hiyo pikipiki ndiyo gari la watu wote: yachukua mgonjwa, mwalimu, mama na watoto wawili, gunia la mchele na godoro. Tena ni nchi yenye fedha ya ghafula. Rubaya kuna koltani, Bisie kuna bati. Na penye mgodi, siku ya malipo, chupa haziko mbali. Motari ampelekaye mchimbaji baa hualikwa aketi naye. Akikataa aonekana mwenye kiburi. Akikubali, bado ana abiria wa kumrudisha.

Tuanze na hesabu ya chupa, kwa kuwa wanafunzi wetu waweza kuifanya wenyewe. Chupa kubwa ya bia ina sentilita 72. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5, ndani yake mna gramu 28 hivi za alkoholi safi. Mwanamume wa kilo 70 akinywa chupa moja, damu yake yapata kama gramu 0.6 katika kila lita. Shirika la Afya Duniani lashauri nchi zote zisimruhusu dereva kupita gramu 0.5, na kwa dereva kijana au mgeni wa kazi gramu 0.2. Basi chupa moja tu, ikinywewa upesi, yamvusha mpaka. Maini nayo hufanya kazi bila haraka: huondoa kama gramu 0.15 kwa saa, wala kahawa, maji baridi, ndimu au kutapika hakuyaharakishi. Aliyekunywa chupa nne tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, akalala, akaamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi abiria wa kwanza, bado ana zaidi ya nusu gramu. Ajiona mzima, amenawa uso, amepiga mswaki, hata amesali. Damu yake bado ina pombe. Nasi twaona hatari kubwa zaidi iko kwa huyu wa alfajiri kuliko kwa yule ayumbaye usiku, maana ayumbaye watu humkimbia. Juu ya kanyanga na lotoko hatuwezi kufanya hesabu yo yote, maana nguvu zake hutegemea mkono wa mpishi.

Sasa sheria. Kanuni ya barabara ya Kongo ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Hiyo yakataza mtu kuendesha akiwa amelewa, hata kama hakumgusa mtu, na yampa hakimu uwezo wa kumwondolea mkosaji haki ya kuendesha. Lakini mtu akiisha kuumizwa au kufa, yaingia pia kanuni ya adhabu, yaani dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, ambayo mpaka leo ndiyo msingi. Kifungu cha 52 chamtia hatiani aliyedhuru kwa kukosa uangalifu, ingawa hakukusudia. Kifungu cha 53 chasema kwamba aliyesababisha kifo kwa namna hiyo afungwe tangu miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini. Kifungu cha 54 chasema kwamba ikiwa ni majeraha tu, kifungo ni tangu siku 8 hadi mwaka 1, au faini. Hapo vijana wengi hujitetea kwa neno moja: «Nilikuwa nimelewa, sikujua.» Wadhani wamejitetea, kumbe wamejishtaki wenyewe. Aliyejaza tumbo lake pombe kwa hiari, akachukua ufunguo, huko ndiko kukosa uangalifu kunakosemwa na sheria. Hata Katekisimu ya Kanisa, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2290, yawahesabia kosa zito wale wahatarishao maisha yao na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mbio.

Dereva akikamatwa, polisi hawezi kumweka apendavyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, yasema kwamba mtu asikae mikononi mwa polisi kupita saa 48. Baada ya hapo aachwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria, yaani parke. Kesi za makosa yasiyopita miaka 5 ya kifungo ni za mahakama ya amani, kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013. Na ulevi wathibitishwaje mahali pasipo na mashine ya kupimia pumzi? Kwa mashahidi: mwenye baa aliyeuza, abiria aliyenusa, muuguzi aliyemwona akipepesuka, na mwandiko wa polisi uliofanywa saa ile ile, si juma lililofuata. Wala msidhani kwamba mashine hukata maneno yote. Huko Kenya, ambako dereva mlevi aweza kutozwa hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miaka 2, au yote mawili, askari walikuwa na mashine barabarani. Hata hivyo mwezi wa Mei 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba kanuni za mashine zile, za mwaka 2011, hazikupatana na sheria yenyewe. Twalitaja ili mjue kwamba mshtakiwa naye, awe mlevi ama asiwe, ana haki ya kuhukumiwa kwa sheria.

Faini ni ya Serikali. Haiendi kwa mjeruhi, wala haiendi mfukoni mwa mtu ye yote. Hulipwa kwa risiti. Mara nyingine, kwa makosa madogo, afisa wa upelelezi aweza kumwambia mkosaji alipe faini ya mapatano ili kesi isifike mahakamani. Jambo hilo ni halali, lakini alama ya uhalali wake ni karatasi yenye muhuri. Fedha iliyotolewa gizani, bila karatasi, haikufunga shauri lo lote, na kesho afisa mwingine aweza kulifungua upya. Aliyehukumiwa faini asipolipa katika siku nane, aweza kuwekewa kifungo badala yake, ambacho hakipiti miezi 6.

Haya yote, wasomaji wapendwa, ni sehemu ndogo ya hesabu. Sehemu kubwa ni fidia, na hapa twaomba wazazi wasome polepole.

Kanuni ya mapatano na wajibu ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, yaamuru kwamba kila amdhuruye mwenziwe kwa kosa lake alipe hasara hiyo. Mjeruhi au jamaa ya marehemu waweza kudai mbele ya hakimu yule yule ahukumuye kosa. Si lazima wafungue kesi ya pili. Wahesabu nini? Wahesabu dawa, kulazwa, mkongojo, siku ambazo mama hakulima, chukudu iliyovunjika, viazi vilivyomwagika, na ikiwa ni kifo, mazishi na riziki ya watoto waliobaki. Juu yake huongezwa gharama za kesi, ambazo hubebwa na aliyeshindwa.

Tufanye mfano, nao ni wa kubuni, wala tusitafute mwenyewe. Kijana aendesha pikipiki isiyo yake, na kila jioni humpelekea mwenye chombo fedha waliyopatana. Siku moja, baada ya chupa tatu, aumiza mguu wa mtoto wa chukudu kwenye mteremko. Tuseme hakimu ameamua dola 1,200 kwa yote. Kijana huyu, akitoka gerezani akapata chombo kingine, na akaweza kuweka dola 2 kila siku ya kazi, siku sita kwa juma, atapata dola 12. Gawanya: ni majuma 100. Karibu miaka miwili yote ya kutoa bila kubakiza, naye hajanunua sabuni, hajalipa karo ya mdogo wake, wala hajapeleka mahari. Tena twasema «akipata chombo kingine». Nani atampa pikipiki yake mtu aliyenyang'anywa haki ya kuendesha? Na akienda kuomba kazi kwenye ofisi au kampuni, aweza kuulizwa cheti kionyeshacho kwamba hakuhukumiwa kamwe.

Asipolipa? Hakimu aweza kuweka katika hukumu kifungo cha kumshurutisha, ambacho nacho hakipiti miezi 6. Kifungo hicho ni fimbo ya kumfanya alipe; siyo malipo yenyewe. Hivyo kijana wetu aweza kufungwa mara ya kwanza kwa kosa, mara ya pili kwa faini, mara ya tatu kwa fidia. Na muda wote huo ni mama yake apandaye kilima na sufuria ya chakula, maana katika magereza yetu mfungwa asiye na jamaa hulala na njaa.

Mwenye chombo naye asikae akicheka. Kifungu cha 260 cha kanuni ile ya mwaka 1888 kinamfanya bwana wa kazi awajibike kwa hasara iliyofanywa na mtumishi wake kazini. Kwa hiyo mwalimu aliyekopa akanunua pikipiki ili imsaidie mshahara wake mdogo, au mjane aliyeuza ng'ombe wawili akampa kijana wa jirani chombo, aweza kujikuta mbele ya hakimu bila yeye kuonja pombe maisha yake yote. Twajua jambo hili huwashangaza wengi. Huuliza: «Mimi nilikuwa nyumbani, kosa langu ni nini?» Kosa si lake, lakini faida ya kila jioni ilikuwa yake, na sheria yatazama hapo. Yafaa basi mwenye chombo aandikiane na kijana, waziwazi: permi iwepo, pombe isiwepo, na chombo kirudi nyumbani kabla ya giza. Karatasi hiyo haimwokoi mbele ya mjeruhi, ila yampa neno la kusema atakapomdai kijana sehemu yake. Tena aonapo kijana anakuja jioni akinuka, achukue ufunguo jioni ile ile. Anayengoja mwisho wa mwezi kwa sababu ya fedha aliyozoea kupewa amekwisha kuchagua, ingawa hakusema.

Je, bima? Tangu amri-sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye injini lazima kiwe na bima ya kulipa hasara ya watu wengine. Zamani iliuzwa na kampuni moja tu, SONAS ya Serikali. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua mlango kwa kampuni nyingine. Kazi ya bima hiyo ni kumlipa mjeruhi mahali pa mwenye chombo, na ndiyo maana watu wa Sake waiita asiransi kwa heshima, ingawa si wote wanaoilipa. Lakini sikilizeni: bima hailipi faini, wala haimkalii mtu gerezani. Na katika mikataba ya bima, duniani kote, imezoeleka kuandikwa kwamba kampuni ikiisha kumlipa mjeruhi yaweza kumgeukia dereva mlevi na kumdai kila senti. Maneno hayo huchapwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi. Mwenye macho mazuri na amsomee babake.

Tuje kwa mbuzi. Katika milima yetu ajali ikitokea wazee hukutana, na mzee wa ukoo wa kijana husema, «Ndugu zangu, damu imemwagika bila chuki; pokeeni hiki, tusile chakula cha ugomvi.» Hatuidharau desturi hiyo hata kidogo. Imezuia visasi vingi mahali ambapo makabila yametazamana kwa wasiwasi miaka mingi, na twaiona kuwa heri kuliko kundi la watu kumpiga dereva na kuchoma chombo chake. Wampigao nao ni wakosaji mbele ya sheria, na ndio wamfanyao dereva atoroke amwache mjeruhi chini. Dereva mwenye kuogopa fimbo akimbilie kituo cha polisi akajitaje, asikimbilie msituni, maana kutoroka ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. Ila mapatano ya wazee yahusu fidia tu. Mtu akifa, shauri la jinai ni la Serikali, wala jamaa ya marehemu hawawezi kulisamehe kwa niaba yake. Tena mbuzi wa siku ya kwanza hakujua kwamba mguu utakatwa mwezi wa pili. Kwa hiyo mapatano yaandikwe: nani ametoa nini, kwa hasara ipi, na nini kitafanyika ugonjwa ukizidi, mashahidi wa pande mbili watie sahihi au kidole.

Kuna msomaji atakayetuambia: «Mwasema habari za mahakama, mahakama iko wapi?» Swali lake ni la haki. Tangu tarehe 6 Mei 2021, jimbo la Kivu ya Kaskazini lilipowekwa chini ya wakuu wa kijeshi, kesi za jinai za raia zilihamishiwa kwa majaji wa kijeshi. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 wakautwaa mji wa Masisi, kisha Goma. Tarehe 19 Machi wakaingia Walikale, wakaondoka mapema mwezi Aprili. Katika vurugu za namna hiyo mafaili hupotea, majaji huhama, na mjeruhi huambiwa arudi kesho, na kesho tena. Dereva aliyelewa aweza kudhani kwamba vita vimemfutia deni.

Asihesabu hivyo. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 24, yaweka muda wa kushtaki: mwaka 1 kwa kosa ambalo kifungo chake hakipiti mwaka, kama kule kujeruhi bila kukusudia, miaka 3 kwa kosa lisilopita miaka 5, kama kule kuua bila kukusudia. Muda huo ni mfupi, na mjeruhi hana budi kuuangalia. Lakini kila tendo la upelelezi lifanywalo kabla haujaisha huufanya uanze upya. Dai la fedha peke yake, likipelekwa mbele ya hakimu wa madai, laishi muda mrefu zaidi: kwa kanuni ya madai ni miaka 30. Kijana wa miaka 20 leo aweza kudaiwa akiwa baba wa watoto wakubwa.

Kwa ajili hiyo mjeruhi, au mamaye, akusanye karatasi zake tangu siku ya kwanza: risiti ya dawa, cheti cha mganga chenye tarehe, namba ya pikipiki, jina la mwenye bima ikiwa lipo, majina ya walioona, na nakala ya mwandiko wa polisi. Mwenye bima apashwe habari upesi. Karatasi hizo zitiwe katika mfuko wa plastiki, maana mvua ya Walikale haichagui, na mfuko ule ukae pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za watoto, mahali pa kunyakuliwa kwanza siku watu wanapokimbia.